UZI: Ukuta wa jipsamu bafuni, mambo ya kufanya kabla tailizi ya kwanza haijagusa ukuta

Mtoa uzi (Entebbe)

Salaam wadau. Naandika nikiwa nimeshajenga bafu moja mara mbili, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Nataka mtu anayejenga au kukarabati asome kabla hajamuita fundi.

Nyumba ni ya ghorofa huku Entebbe. Juu kulikuwa na chumba kikubwa, tukakata pembe moja tutoe bafu na choo ili mama mzazi asiwe anashuka ngazi usiku. Matofali tulikatazwa kwa sababu chini ya slabu hakuna boriti pale ukuta unapopita, na ukuta wa tofali ni mzito, basi tukajenga kwa jipsamu, nguzo za chuma chembamba ndani na bodi pande mbili. Mpaka hapo hakuna kosa.

Kosa likaja kwenye tailizi. Fundi wa kwanza ni mtu wa matofali, kazi yake kwenye plasta ya simenti ni safi kabisa nimeiona kwa macho yangu. Alipofika kwenye jipsamu akafanya yaleyale anayofanya siku zote, akachukua nyundo akaudonoa ukuta mzima eti upate kushika, akakoroga simenti na maji, akaweka madonge matano nyuma ya kila tailizi, manne pembeni moja katikati, akagandisha. Siku ile bafu lilipendeza, mama akaomba dua.

Miezi minane tu. Kwanza grauti (ule ujazo wa mistari baina ya tailizi) ikapasuka kwenye kona ya shawa, alafu ukaja mstari mweusi, alafu siku moja nikasukuma tailizi kwa kidole gumba nikasikia ukuta unabonyea. Nilipoitoa ikatoka na karatasi ya bodi imeng'ang'ania nyuma, imebanduka kama ganda la muhogo uliochemka, na ndani ule unga mweupe umekuwa uji. Ukungu mpaka upande wa chumbani nyuma ya kabati.

Nimechukua muda kuelewa kilichotokea. Tailizi yenyewe haipitishi maji lakini grauti ya simenti inanyonya, kila mtu akioga maji kidogo yanapita kwenye mistari. Kwenye ukuta wa tofali na plasta yakipita hayaharibu sana, yanakauka. Jipsamu ni unga uliogandishwa katikati ya karatasi mbili na nguvu yake kubwa iko kwenye hiyo karatasi, ukiidonoa kwa nyundo umeshaiua kabla ya kuanza, na ikilowa inaachia. Yale madonge nayo yanaacha uwazi nyuma ya tailizi, maji yakiingia yanakaa humo, hayana pa kwenda.

Kwa hiyo kazi ya kuzuia maji inafanyika nyuma ya tailizi, na usipoiona ikifanyika hutaiona tena, imeshafunikwa. Nilivyorudia nilianza hivi:

Nilitoa bodi zote za upande wa bafu, hakuna kukwaruza. Bodi iliyolowa haiponi. Nguzo zangu zilikuwa kila sentimita 60, nikaongeza zikawa kila 40, ili tailizi zikikaa ukuta usicheze (bodi ina upana wa mita 1.2 kwa hiyo 40 inagawanyika vizuri, viungo vinaangukia kwenye nguzo). Skrubu kila sentimita 20, kichwa kinazama kidogo tu bila kupasua karatasi, ikipasuka weka nyingine pembeni. Na chini bodi isikae sakafuni, inuka sentimita 1 hivi, kwa sababu jipsamu ikigusa maji ya sakafu inayavuta kwenda juu kama utambi wa taa.

Nitaendelea, ngoja nimpe mama chai.

Mpangaji wa Kira

Pole sana ndugu na mama mpe pole. Swali, kuna zile bodi za kijani, muuzaji aliniambia hizo ni za bafuni hazilowi, nikiweka hizo si nimemaliza?

Mtoa uzi

Nimeshukuru mpangaji. Za kijani ndizo nilizoweka mara ya pili, milimita 12.5, lakini muuzaji amekuambia nusu. Bodi ya kijani inastahimili unyevu, yaani mvuke wa bafu na matone, inachelewa kunyonya. Kuzuia maji ya shawa yanayopiga kila siku haiwezi. Bado inahitaji kufunikwa kwa ile rangi ya mpira, nitaifikia. Kama una uwezo, pale shawa inapopiga weka bodi ya simenti badala ya jipsamu, hiyo hata ikilowa haiozi, na sehemu zingine kijani inatosha.

Fundi wa Ndeeba

Mtoa uzi umesema kweli na mimi ni fundi sijakasirika. Sisi wengi tumefundishwa na wazee wetu kwenye tofali, jipsamu tuliijua kwenye dari na ofisi za mjini. Ile ya kudonoa ni ya plasta ngumu iliyolainishwa sana, kwenye bodi ni marufuku.

Naongeza mawili ambayo nayaona saiti kila wiki.

La kwanza rangi. Mtu ana ukuta wa jipsamu ulioshapakwa rangi anataka tailizi juu. Tailizi hapo imeshikwa na rangi, bodi haijaiona. Siku rangi ikibanduka zinakuja zote chini. Rangi ya maji ya kawaida unaikwangua na kusugua na msasa, lakini kwenye bodi ukikwangua sana unaondoka na karatasi, kwa hiyo kwa ukuta mdogo wa bafu mimi namwambia mteja tubadilishe bodi, ni nafuu kuliko kurudia. Na ile puti nyeupe ya kulainisha ukuta kabla ya rangi, usiweke kabisa mahali pa tailizi, bodi iache na karatasi yake ilivyotoka dukani.

La pili ni gundi nyeupe ya mbao. Wengi wanaichanganya na maji wanapaka ukutani wanaita praima, yaani mpako wa kwanza wa kuandaa ukuta. Ile gundi ikikauka inafanya ngozi juu, na ikipata maji tena inalainika inarudi kuwa gundi bichi, sasa fikiria iko nyuma ya shawa. Nunua praima ya akriliki iliyoandikwa ni ya tailizi na imetaja jipsamu. Kuna sababu nyingine ya praima, jipsamu na simenti haviivani. Vikigusana na kuna unyevu vinatengeneza fuwele zinazokua taratibu na kusukuma tailizi nje, unakuta tailizi imeanguka na nyuma yake gundi yote ipo, safi, kama haijawahi kushika kitu. Kwa hiyo kila mahali ulipokata bodi ukaona unga mweupe, pembeni, kwenye tundu la bomba, paka praima hapo vizuri.

Mama Kitoro

Asanteni vijana wangu. Mimi nimeshanunua tailizi kubwa 60 kwa 60 za kungaa, nzito kweli, mtoto ananiambia jipsamu haitabeba, zitaangusha ukuta. Nirudishe?

Mtoa uzi

Mama shikamoo, usirudishe kwanza, tupige hesabu. Kipimo wanachotumia Uingereza kwa bodi tupu iliyofungwa vizuri ni kilo 32 kwa mita moja ya mraba, hapo ni tailizi pamoja na gundi na grauti. Kama bodi imepigwa plasta ya jipsamu juu yake inashuka mpaka kilo 20, ndio maana fundi hapo juu amesema bodi iachwe tupu.

Sasa boksi lako la 60 kwa 60 likiwa na tailizi nne ni mita za mraba 1.44. Lipime, hata kwa mizani ya dukani. Tuseme limekuja kilo 30, gawa kwa 1.44 unapata kama kilo 21 kwa mita. Ongeza gundi na grauti kilo 4 au 5, ni 26, uko ndani. Likija kilo 40 hapo ni karibu 28 kabla ya gundi, ukiongeza umefika mpaka, hizo peleka sakafuni na ukutani tafuta nyembamba au weka bodi ya simenti. Marumaru ya mawe halisi ndiyo yanayozidi mara nyingi.

Mama Kitoro

Boksi ni kilo 31 nimepima kwa muuza mkaa. Alhamdulillah.

Mzee wa Bombo

Mimi nasema hivi, nyumba ni tofali. Jipsamu bafuni ni kujitafutia taabu, huko kwenu Entebbe ziwa liko karibu, mvua za Machi mpaka Mei nguo hazikauki, utaweka karatasi kwenye maji? Nimejenga nyumba tatu sijawahi kuweka hizo bodi na bafu zangu zina miaka zaidi ya ishirini.

Mtoa uzi

Mzee wangu nakuheshimu na kama ingekuwa chini nisingebishana, ningejenga tofali. Lakini juu ya slabu isiyo na boriti uzito wa tofali ungenigharimu nyumba nzima. Na wapangaji wengi wa mjini wanakuta ukuta wa jipsamu tayari, hawakuuchagua. Hoja ya unyevu ni kweli kabisa, ndiyo imenifanya nisibane pesa kwenye hatua inayofuata.

Kijana wa Arua

Wazee mimi niko Arua natumia nguzo za mbao ndani sio chuma, chuma hapa sipati kirahisi. Kuna shida?

Fundi wa Ndeeba

Mbao sio shida ila iwe kavu na iwe imetiwa dawa ya mchwa. Mbao mbichi ikikauka ndani ya ukuta inajipinda, inavuta bodi, tailizi zinapasuka kwenye mstari na wewe unalaumu grauti. Na kabla ya kufunga bodi weka vipande vya mbao vya kulala pale sinki litakapofungwa, pale kishikio cha kushika mama akiwa anaoga, pale instanti (hita ndogo ya shawa isiyo na tangi) itakapokaa. Bodi peke yake haishiki vitu hivyo. Hita ya tangi usitundike kabisa kwenye ukuta huo, tangi la lita 50 likijaa maji peke yake ni kilo 50, peleka kwenye ukuta wa tofali.

Mtoa uzi

Hapo kwa kishikio fundi umenigusa, mara ya kwanza hatukuweka na mama alikuwa anashika bomba la shawa.

Kabla sijafunga bodi fundi bomba alijaza zile paipu za plastiki za PPR maji kwa presha akaacha usiku kucha, asubuhi geji ilikuwa palepale. Msiruke hii, kiungo kinachovuja ndani ya ukuta hakuna rangi ya mpira itakayokisaidia, maji yanatoka nyuma.

Haya sasa kazi yenyewe, hapa nitakaa.

Viungo vya bodi: tepu ya wavu wa faiba, alafu unajaza na gundi ya tailizi yenyewe, unalaza bapa. Usijaze na ile poda ya kawaida ya dari, ikipata maji inalainika. Vichwa vya skrubu hivyohivyo. Iache ikauke mpaka kesho. Kisha chukua ubao ulionyooka wa mita 2 uulaze ukutani huku na huku, mwanga usipite zaidi ya milimita 3. Ukuta ukiwa na bonde rekebisha sasa hivi, ukisema gundi itasawazisha utaishia kurudi kwenye madonge.

Futa vumbi. Kwa kitambaa chenye unyevu, usimwagie maji. Praima, ngoja ikauke.

Alafu rangi ya mpira, ile ya kuzuia maji inayouzwa kwa ndoo. Mimi nilianza kwenye kona. Kona ndiko ukuta unakochezea na ndiko bafu langu la kwanza lilikoanza kufa. Unapaka rangi kwenye kona, ikiwa bado mbichi unalaza utepe wake maalumu, unaukandamiza mpaka rangi itokeze juu, unapaka tena. Kona zote za kusimama, na pale ukuta unapokutana na sakafu, utepe unapita juu ya ule uwazi wa sentimita 1 tulioacha chini. Kwenye mabomba yanayotokeza kuna vijikola vya mpira, tundu lake ni dogo kuliko bomba hivyo linabana, unavilaza kwenye rangi vilevile. Nilivipata Kampala baada ya kuzunguka maduka kadhaa, muuzaji mmoja akaniambia hakuna mtu huuliza hivyo vitu, na kweli mara ya kwanza hata mimi sikuuliza.

Baada ya hapo ukuta mzima. Koti la kwanza, yaani mpako wa kwanza, brashi inakwenda juu chini, likikauka la pili inakwenda kulia kushoto, hivyo palipobaki tundu la kwanza panazibwa na la pili. Ukipata ndoo mbili za rangi tofauti ni bora zaidi, unaona kwa macho mahali ulipopitwa. Sehemu ya shawa nilipaka mpaka juu ya kichwa cha shawa, sakafu yote nikapaka, na kuta zilizobaki kutoka sakafuni kupanda kama sentimita 15. Fundi wangu alitaka koti moja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na la kwanza lilichelewa kukauka. Tulingoja mpaka kesho yake. Ukipaka la pili juu ya bichi chini hakukauki.

Ikishakauka kabisa niliziba tundu la maji la sakafu nikajaza maji kidogo, nikaacha masaa 24, nikashuka chini kuangalia dari ya sebule. Kavu. Siku ile nililala.

Mpangaji wa Kira

Kwa hiyo juu ya hiyo rangi ndio simenti na tailizi?

Fundi wa Ndeeba

Sio simenti tupu. Gundi ya tailizi ya mfuko, angalia imeandikwa C2TE, C ni ya simenti, 2 ni kwamba imeongezewa nguvu, T haitelezi ukutani, E inakupa muda zaidi kabla haijakauka juu. Ukiona na S1 ndio nzuri zaidi kwa jipsamu maana inavumilia ukuta ukicheza kidogo. Ile ya ndoo iliyochanganywa tayari usitumie kwenye shawa na tailizi kubwa, inakauka kwa kupoteza maji na huko nyuma hakuna pa kuyapeleka.

Unapaka kwa mwiko wa meno, mistari yote ielekee upande mmoja, na tailizi kubwa unaipaka na mgongoni safu nyembamba. Bandika mbili tatu, alafu bandua moja uangalie nyuma. Bafuni gundi inatakiwa igusane karibu mgongo wote, asilimia 95. Ukiona uwazi badilisha mwiko.

Na jamani tuache kulowesha tailizi kwenye beseni. Hiyo ilikuwa ya simenti ya zamani, tailizi kavu ilikuwa inanyonya maji ya simenti kabla haijashika. Gundi ya siku hizi ina kitu cha kushikilia maji yake. Ukilowesha unaweka utando wa maji katikati. Futa vumbi la mgongoni basi.

Mzee wa Bombo

Hii ya beseni mimi nimefanya miaka yote.

Fundi wa Ndeeba

Na kwa simenti ulikuwa sahihi mzee, kazi zako zimesimama. Ni kwenye gundi ya mfuko ndio inabadilika.

Mama Kitoro

Kwenye kona naweka grauti ile ile?

Mtoa uzi

Hapana mama. Kona zote na pale ukuta unapokutana na sakafu acha wazi, hakuna grauti, unajaza silikoni ya bafuni ile yenye dawa ya ukungu. Grauti ni ngumu, kuta mbili zikicheza inapasuka, silikoni inavutika. Ile ufa ya kwanza niliyosema juu ilikuwa grauti ya konani. Na mistari baina ya tailizi iwe na nafasi, milimita 2 au 3, usikubali fundi azibananishe eti ndio urembo. Grauti ije baada ya gundi kukauka, siku moja nzima angalau, wakati wa mvua siku mbili.

Kijana wa Arua

Mtoa uzi leta mrejesho basi, saa hii bafu likoje?

Mtoa uzi

Ni mwezi wa kumi na nne tangu turudie, limepita misimu yote ya mvua. Kila mwezi napitisha kidole kwenye kona za shawa nakandamiza chini karibu na sakafu, ukuta ni mgumu. Kabati la chumbani nimelisogeza nikaangalia nyuma, kavu, rangi haijavimba. Silikoni ya kona moja imeanza kuachia kama urefu wa kidole, Jumamosi nitaikata niweke mpya. Kishikio mama anakishika kwa mikono miwili.